Ajali Imekwisha, Woga Haujaisha

Ulitolewa hai kwenye basi lililopinduka. Mfupa umeunga, nyuzi zimetolewa, majirani wamekuja na machungwa na kukwambia umshukuru Mungu, na kweli unamshukuru. Lakini miezi imepita na bado hupandi gari. Honi ya lori ikilia nyuma yako unajikuta umerukia mtaroni. Usiku unaamka umelowa jasho, mchana unamfokea mtoto kwa sababu ya sufuria iliyoanguka. Daktari wa mifupa anasema umepona. Wewe unajua hujapona, na hujui uanzie wapi kusema.

Mwongozo huu ni wako, na ni wa wale unaolala nao nyumba moja. Nimechagua ajali ya barabarani kwa sababu ndiyo inayopita karibu na kila mlango wetu. Hata hivyo, mengi yaliyomo yanamhusu pia aliyebakwa, aliyevamiwa na majambazi, aliyenusurika chombo kilipozama, aliyekimbia vita, na hata muuguzi au askari aliyebeba miili ya watu asiowajua. Wataalamu huuita ugonjwa huu msongo wa baada ya kiwewe. Hapa nitauita kiwewe.

Jambo la kushika mapema ni hili: tukio ndilo linaloleta ugonjwa, lakini kukwepa ndiko kunakoulisha. Unakwepa barabara, unakwepa mazungumzo, unakwepa usingizi, na kila ukikwepa unapata nafuu ya saa moja na kuilipia kwa mwezi mzima. Na sisi ndugu zako, kwa mapenzi kabisa, tunakusaidia kukwepa. Tunasema usilitaje tena, sahau, yaliyopita si ndwele. Methali hiyo ni nzuri kwa ugomvi wa ndugu. Kwa kiwewe haifai, maana hapa yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe.

Wengi bado wanadhani kiwewe ni cha wanajeshi. Dhana hiyo ina asili yake: jina linalotumika leo liliingia kwenye orodha rasmi ya magonjwa ya akili ya Marekani mwaka 1980, baada ya askari waliorudi kutoka Vietnam kuonekana hawawezi kuishi kama zamani. Lakini sisi tuna ushahidi wetu. Tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani jijini Nairobi ulipolipuliwa, watu zaidi ya 200 walikufa na maelfu wakajeruhiwa. Wengi waliumia macho kwa sababu walisikia kishindo cha kwanza, wakakimbilia madirishani kuangalia, kisha mlipuko mkubwa ukavunja vioo. Madaktari wa Kenya wakiongozwa na Frank Njenga waliwahoji watu zaidi ya 2,800 katika miezi iliyofuata, wakakuta asilimia 35 wana dalili za kiwewe. Hao walikuwa makarani, wachuuzi, abiria na wanafunzi. Hakuna aliyekuwa vitani.

Usiitafsiri takwimu hiyo kwamba kila aliyepata ajali ataugua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 70 katika kila 100 hukutana na tukio la kutisha maishani, na takriban wanne katika 100 huwahi kuugua kiwewe. Wengi hupona wenyewe, taratibu, bila dawa. Wanaougua si waoga kuliko wengine. Hatari huwa kubwa kwa aliyebakwa, kwa aliyempoteza mtu katika tukio lilelile, kwa aliyewahi kuumizwa huko nyuma, na kwa aliyerudi nyumbani akakuta hakuna wa kumsikiliza.

Sasa elewa kinachotokea mwilini. Basi lilipoacha njia, mwili wako ulifanya kazi yake vizuri kabisa: adrenalini ilimwagika, moyo ukaenda mbio, macho yakaona kila kipande cha kioo. Kazi hiyo inaongozwa na sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala. Jirani yake, hipokampasi, ndiyo inayoipa kumbukumbu mahali na wakati: hili lilitokea lini, wapi, na limekwisha. Hofu ikipita kiasi, huyu wa pili huelemewa, na kumbukumbu hubaki vipandevipande visivyo na tarehe: harufu ya dizeli, kelele za breki, ladha ya damu, wimbo uliokuwa ukipigwa ndani ya basi. Miezi baadaye unapita mbele ya gereji, harufu ileile inakufikia, na mwili unajibu kana kwamba basi linapinduka sasa hivi. Amigdala imekuwa kama mbwa wa ulinzi aliyeshuhudia wezi wakivunja mlango, na tangu siku hiyo anambwekea hata mwenye nyumba. Mbwa huyo hana ubaya. Anahitaji kufundishwa upya nani ni nani.

Ndiyo maana dalili zinakuja kwa sura nyingi. Tukio linarudi bila kuitwa, kwa ndoto au kwa picha zinazoingia ukiwa macho, wakati mwingine wazi kiasi kwamba kwa dakika kadhaa hujui uko wapi. Mwili unakaa macho muda wote: usingizi hauji, unashtuka kwa kitu kidogo, ukiingia hotelini unatafuta kiti kinachotazama mlango. Unakwepa kila kinachokumbusha. Na kuna dalili ya nne isiyopigiwa kelele, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayovunja nyumba nyingi zaidi: moyo kufa ganzi. Mtoto anakurukia ukirudi kutoka kazini na husikii furaha. Mke anazungumza nawe na unamsikia kwa mbali. Unajilaumu kwa kubaki hai wakati aliyekaa kiti cha pembeni alikufa. Unaamini dunia yote si salama na hakuna mtu wa kuaminika. Nyumbani wanasema umekuwa na kiburi, au umepata mtu mwingine. Hawajui kwamba huo nao ni ugonjwa.

Watoto huonyesha kwa njia yao. Mtoto aliyekuwa kwenye ajali anaweza kurudia kuigiza ajali hiyo kwenye mchezo wake, gari dogo likigongwa tena na tena. Anaweza kuanza kukojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha, au kung'ang'ania gauni la mama hata akienda msalani. Usimchape kwa hayo. Mweleze ukweli kwa maneno mafupi, mrudishie ratiba yake ya kula, kulala na shule, na hali hiyo ikiendelea zaidi ya mwezi mmoja mpeleke akaonwe.

Mwezi mmoja ni kipimo muhimu hata kwa mtu mzima. Siku za mwanzo baada ya ajali, kutetemeka, kukosa usingizi na kulia ni hali ya kawaida ya mwili uliotishwa. Katika siku hizo usikubali kulazimishwa kusimulia tukio zima mbele ya watu, hata kama anayekutaka ufanye hivyo anajiita mshauri. Kikao kimoja cha kumwagisha kila kitu mara baada ya tukio kimechunguzwa na hakizuii kiwewe, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Kinachosaidia ni vitu vya kawaida: mahali salama, chakula, maji, mtu wa karibu, taarifa za kweli kuhusu waliokuwa pamoja nawe. Ukitaka kusema, usikilizwe. Ukitaka kunyamaza, akae nawe mtu anayejua kunyamaza.

Katika siku hizohizo kaa mbali na diazepamu, ile inayojulikana kwa jina la Valium. Inaleta usingizi kweli, lakini haitibu kiwewe, huzoesha mwili haraka, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani inasema isitolewe kwa ajili ya dalili za msongo katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Kama uligonga kichwa, rudi hospitali hata kama ulisharuhusiwa. Mtikisiko wa ubongo nao huleta maumivu ya kichwa, hasira za ghafla na usahaulifu, na ni daktari tu anayeweza kutenganisha hiki na kile. Kwa aliyebakwa kuna haraka ya aina nyingine: afike hospitali ndani ya saa 72 ili apate dawa za kukinga VVU, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi. Mengine yote yanaweza kusubiri, hilo haliwezi.

Mwezi ukipita na dalili hazijapungua, au zinakuzuia kufanya kazi na kuishi na watu, hapo ni ugonjwa na una tiba. Wapo ambao dalili huchelewa, zikaja baada ya nusu mwaka au zaidi, mara nyingi jambo fulani linapozichokoza: kesi kuitwa mahakamani, kifo kingine katika familia, au tarehe yenyewe kurudi. Tarehe zina nguvu kubwa. Jijini Mwanza kuna familia ambazo kila ifikapo tarehe 21 Mei mwili huanza kubadilika mapema, kwa sababu ndiyo siku meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996. Nchini Rwanda wahudumu wa afya hujiandaa kabla ya tarehe 7 Aprili, maana wakati wa maombolezo ya mauaji ya kimbari watu huzidiwa hadharani. Wewe nawe ijue tarehe yako. Iandike kwenye kalenda, mwambie mtu mmoja, usipange safari wala kazi ngumu siku hiyo, na usikae peke yako.

Kwenda hospitali ndiko wengi wanakopotelea, nami nataka nikae hapa kidogo. Mtu mwenye kiwewe akifika zahanati hasemi ana kiwewe. Anasema kichwa kinauma, tumbo linawaka, moyo unaenda mbio, mwili hauna nguvu. Anapimwa malaria, anapewa Panadol. Akirudi anapewa dawa za vidonda vya tumbo. Mara ya tatu anaambiwa presha inapanda. Anaweza kuzunguka hivyo mwaka mzima akitumia fedha, na wanaomhudumia hawana kosa, kwa sababu wanajibu walichoulizwa. Basi badilisha swali. Kabla ya kwenda, andika kwenye karatasi mambo manne: ni nini kilitokea na lini, unalala saa ngapi kwa usiku, ni picha au ndoto gani zinarudi, na ni vitu gani umeacha kuvifanya tangu siku ile. Ukikaa mbele ya mhudumu sema hivi: “Nilipata ajali mwezi fulani, na tangu hapo sijawa sawa. Naomba kuonana na mtu wa afya ya akili.” Ukishindwa kutamka, mpe karatasi asome. Sentensi hiyo ina nguvu kuliko malalamiko kumi ya tumbo.

Tanzania, anza hospitali ya wilaya au ya mkoa ukaulizie kliniki ya afya ya akili au ofisi ya ustawi wa jamii. Kwa hali ngumu zaidi zipo Muhimbili ya Dar es Salaam, Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi na Mirembe ya Dodoma, na Unguja ipo Kidongo Chekundu. Kenya, hospitali za kaunti nyingi zina kliniki za namna hiyo, na Nairobi kuna Mathari. Mashariki mwa Kongo, hospitali ya Panzi mjini Bukavu, aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inawahudumia waliobakwa mwili na akili pamoja. Najua majina kama Mirembe na Mathari yanawatisha watu. Kwenda kliniki ya nje, ukazungumza na mtaalamu na kurudi nyumbani siku hiyohiyo, si kulazwa wodini, na hakukufanyi uitwe chizi.

Tiba yenye nguvu zaidi ni ya mazungumzo, lakini si mazungumzo ya kupeana moyo. Ni kazi yenye mpangilio, wiki kwa wiki, inayokusaidia kulikaribia tukio ukiwa salama mpaka ubongo ulipatie tukio hilo tarehe yake. Ziko namna kadhaa. Mojawapo imekuzwa katika kambi za wakimbizi nchini Uganda, Nakivale ikiwamo: unalaza kamba sakafuni iwe maisha yako tangu kuzaliwa, unaweka ua pale palipokuwa na furaha na jiwe pale palipokuwa na msiba, kisha kikao baada ya kikao unasimulia kwa utaratibu, jiwe kwa jiwe, na msikilizaji anaandika. Mwisho unasomewa historia yako yote, yenye mwanzo na mwendelezo. Nakivale wakimbizi wenyewe, Wanyarwanda na Wasomali, walifundishwa wakawa ndio watibu, na wenzao wakapata nafuu. Huko Kivu, mashariki mwa Kongo, wanawake waliobakwa walitibiwa kwa vikundi vilivyoongozwa na wasaidizi wenye elimu ya sekondari, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba walipona zaidi ya wenzao waliopata ushauri wa kawaida. Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, watoto yatima walipata tiba ya vikao 12 vya kikundi kutoka kwa washauri wasio madaktari. Nayataja haya ili usikate tamaa ukisikia mkoa wako una daktari wa akili mmoja. Tiba hii inaweza kutolewa na mtu aliyefundishwa vizuri na kusimamiwa. Jambo la kumuuliza ni moja: “Umefundishwa kutibu kiwewe, na tutakutana mara ngapi?” Anayejua kazi yake atakujibu bila kukasirika.

Kuna pia tiba ya kuelekeza macho huku na huku wakati ukilikumbuka tukio. Inaonekana ya ajabu, lakini imepimwa na inasaidia, ukipata aliyesomea. Dawa zipo, hasa za kundi la sertralini na fluoksetini. Hazifuti kumbukumbu. Zinapunguza makali ili uweze kulala na kufanya kazi ya tiba. Huchukua wiki nne hadi sita kuonyesha nguvu zake, kwa hiyo usiziache wiki ya pili kwa kudhani zimeshindwa, na ukipona usizikatishe ghafla. Daktari atakushusha dozi polepole.

Yapo unayoweza kuyaanza nyumbani. La kwanza ni namna ya kujirudisha kumbukumbu ikikuvamia. Ikija, usipigane nayo wala usifumbe macho. Bonyeza nyayo sakafuni. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, kimoja kimoja: ndoo ya bluu, kalenda, mlango, kuku, kiatu. Nawa uso kwa maji baridi. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne na uitoe kwa hesabu ya sita, maana pumzi ndefu ya kutoa ndiyo inayouambia moyo upunguze mwendo. Kisha jiambie tarehe ya leo na mahali ulipo. Fanya mazoezi haya ukiwa mtulivu, mara mbili kwa siku. Anayesubiri kuyajaribu siku ya dhoruba huyasahau yote.

La pili ndilo gumu, na ndilo linalotibu: kuacha kukwepa kwa hatua. Chukua daftari, andika vitu vyote unavyovikwepa kwa sababu ya ajali, kisha uvipe alama kuanzia sifuri hadi kumi kwa jinsi vinavyokutisha. Anza na chenye alama tatu, usianze na cha kumi. Kwa aliyeacha kupanda magari, ngazi yaweza kuwa hivi: kutazama picha ya basi, kusimama kituoni saa nne asubuhi wakati watu ni wachache, kumwomba konda ukae dakika kumi ndani ya daladala iliyozimwa, kwenda kituo kimoja na ndugu yako, kwenda kituo hichohicho peke yako, kwenda sokoni na kurudi, na mwisho kabisa, kupita mahali ilipotokea ajali. Katika kila ngazi kaa mpaka hofu ishuke walau nusu ndipo uondoke. Itapanda kwanza, kisha itashuka yenyewe, kwa sababu mwili hauwezi kukaa kileleni siku nzima. Ukishuka garini hofu ikiwa juu kabisa, ubongo utajifunza kwamba umeokolewa na kukimbia. Ukikaa, utajifunza kwamba hapakuwa na hatari ya kukimbia. Rudia ngazi moja siku kadhaa kabla ya kupanda inayofuata, na ukikwama rudi ngazi moja chini bila kujilaumu.

Jichunguze pia kama kuna mbinu ndogo unazotumia kukwepa ukiwa ndani ya gari: kukaa mlangoni tu, kushika kiti mpaka vidole vinauma, kumtazama dereva bila kupepesa. Ziache moja baada ya nyingine. Lakini usichanganye kukwepa na busara. Kukataa kupanda basi ambalo dereva amelewa, au bodaboda isiyo na kofia ngumu, ni akili timamu. Kupaza sauti dereva akikimbiza gari ni haki yako. Na ngazi hizi si za mtu aliyebakwa au aliyeteswa kwa miaka kuzipanda peke yake. Huyo atafute mtaalamu wa kumshika mkono tangu mwanzo, na hapaswi kamwe kulazimishwa kumkaribia aliyemuumiza.

Usiku una mambo yake. Amka saa ileile kila siku, hata kama hukulala. Acha kahawa na mirungi kuanzia adhuhuri. Ndoto ikikuamsha, washa taa, simama, kunywa maji, ujirudishe kama nilivyoeleza, ndipo ulale. Wapo wanaosaidiwa kwa kuandika ndoto yao mchana na kubadilisha mwisho wake kwa namna wanayotaka, kisha kuusoma mwisho mpya kabla ya kulala. Jaribu, haina gharama. Pombe ndiyo mtego mkubwa. Inakulaza haraka, kisha saa kumi usiku haijafika inakuamsha kwa ndoto mbaya zaidi, na kesho unahitaji zaidi ya jana. Bangi nayo ni vivyo hivyo. Kama umeshaanza kunywa ili ulale, mwambie mtaalamu waziwazi, kwa sababu mambo hayo mawili hutibiwa pamoja.

Sasa wewe ndugu, mke, mume, mama. Usimwambie mgonjwa “mshukuru Mungu uko hai,” hata kama unamaanisha mema. Anaisikia kama amri ya kunyamaza. Usimwambie wengine walipata makubwa zaidi. Mwambie, “Naona bado inakusumbua. Nipo, ukitaka kusema nitasikiliza.” Kisha sikiliza kweli, bila kumaliza sentensi zake na bila kutoa kisa chako. Akiota usiku usimtikise wala usimkumbatie ghafla, anaweza kukupiga akidhani ni adui. Simama kidogo mbali, mwite kwa jina alilolizoea, Baba Fulani au Mama Fulani, umwambie, “Ni mimi. Uko nyumbani, kitandani kwetu. Umeota.” Mchana msindikize kwenye ngazi zake, lakini usimfanyie yote. Ukimwendea sokoni kila siku ili asipande gari, unamlinda leo na kumfunga kesho.

Hasira zake zina sababu, ila sababu si ruhusa. Kiwewe hakimpi mtu haki ya kupiga mke au watoto. Akifika huko, usalama wa nyumba unatangulia, ondoka na watoto mpaka apate msaada. Na wewe unayemuuguza tafuta wa kukupokea zamu, maana anayelala jicho moja wazi kila usiku naye huugua.

Sala na ibada humpa mtu nguvu, jamaa wa kumtembelea na sababu ya kuamka asubuhi. Hakuna anayepaswa kumwondoa mgonjwa msikitini au kanisani. Lakini popote anapoambiwa aache dawa, au anapofungwa na kuchapwa ili pepo limtoke, hapo anaumizwa upya, na mtu aliyekwisha kuumizwa mara moja hana akiba ya kuvumilia mara ya pili. Viongozi wengi wa dini wanalielewa hili. Mwombe wako aseme mbele ya waumini kwamba kwenda kliniki na kusali havigombani.

Ninawaomba wote jambo moja linalohusu simu. Basi likipata ajali, kabla majeruhi hawajafika hospitali, picha za miili zimeshasambaa kwenye makundi ya WhatsApp. Mjane anapata habari ya mumewe kwa picha ya mumewe. Aliyenusurika anafungua simu na kukuta sekunde ileile anayojitahidi kuimaliza. Usitume, usihifadhi, na wewe uliyenusurika jitoe kwenye kundi lolote linalotuma mambo hayo, bila kuomba radhi.

Kwa upande wa kazi, dereva, konda, askari wa zimamoto na muuguzi wajue kwamba Shirika la Kazi Duniani liliingiza kiwewe kwenye orodha yake ya magonjwa yanayotokana na kazi mwaka 2010. Kama tukio lilikupata ukiwa kazini, litolee taarifa kwa maandishi na utunze cheti cha daktari. Omba kurudi kwa hatua: zamu ya mchana kwanza, njia fupi kwanza. Mwajiri mwenye akili ataona kwamba dereva anayerudi taratibu ni salama kuliko anayerudishwa barabarani akitetemeka.

Kuna wakati mtu huchoka kiasi cha kutaka kufa. Ukimhofia, muulize waziwazi, “Umefikiria kujiua?” Swali hilo halimpandikizii wazo, linampa mlango wa kusema. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa, sumu za shambani na kamba karibu naye, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kenya, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure. Kwa mtoto, piga 116, Kenya na Tanzania.

Usijiambie kwamba umechelewa. Wakimbizi waliotibiwa Uganda walikuwa wamebeba yao kwa miaka, na tiba iliwafaa. Kama umejiona katika maneno haya, andika karatasi yako leo usiku, chagua siku moja ndani ya wiki hii, na umwombe mtu unayemwamini akusindikize kliniki.